Homa ya mzazi haisubiri kesho: hatua za kujikinga na maambukizi tangu mimba hadi siku ya 42

Kila siku ya kliniki naulizwa maswali yaleyale. "Sista, nilipimwa nikiwa na mimba ya huyu mkubwa, nipimwe tena ya nini?" "Vile vidonge vitatu vya kinga ya malaria havimchomi mtoto tumboni?" "Chupa imepasuka tangu jana jioni, ila uchungu haujaanza, ndiyo maana nikakaa." Na lile linaloniuma kuliko yote, ambalo huletwa na mama mkwe akiwa amemshika mzazi mkono: "Anatetemeka tangu juzi, tukadhani ni maziwa yanashuka."

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe mwenye mimba, na kwa yule atakayelala nawe chumba kimoja ukishajifungua, maana mara nyingi yeye ndiye atakayeamua muondoke saa ngapi. Mimi ni mkunga wa kituo cha afya Kanda ya Ziwa. Ninayoyasema ni ya Tanzania, ingawa mengi yanafaa popote ulipo.

Hali yetu imebadilika sana. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Akina mama wanaobaki katika hiyo 104 wengi hawafi kwa magonjwa mapya. Ni kutokwa damu, kifafa cha mimba na maambukizi, na yote matatu yana dawa inayojulikana. Linalokosekana mara nyingi ni saa chache tu.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Kadi ya kliniki. Ikae kwenye mkoba wako, si kabatini kwa mama mkwe. Ukianguka njiani, kadi ndiyo itakayokusemea.
- Kipimajoto cha kwapani. Mkono juu ya paji la uso unadanganya, hasa mkono wa mtu aliyetoka jikoni.
- Chandarua chenye dawa. Hutolewa kliniki kwa wajawazito, usipopewa, kiulizie.
- Namba 115 kwenye simu yako na ya wenzako wawili. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi na kichanga. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa.
- Mtu mmoja wa kukusindikiza, mwenye sauti. Mtu wa kuona haya hafai kazi hii.
- Watu wawili walio tayari kutoa damu. Kujua kundi lao hakutoshi. Wawe wamekubali kwa mdomo wao.
- Sabuni, na akiba ndogo isiyoguswa kwa sababu nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Hesabu wiki zako, kisha nenda kliniki kabla ya wiki ya 12

Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Kama ilianza tarehe 10 Machi, unatarajia kujifungua karibu na tarehe 17 Desemba. Hedhi ikiwa ya kurukaruka, omba kipimo cha picha (ultrasound) mapema, maana kikifanyika mwishoni makadirio huwa hafifu.

Mahudhurio yanayopendekezwa ni 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukikosa moja, usione aibu ukaacha yote. Njoo siku utakayoweza.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuficha mimba mpaka ijionyeshe yenyewe, kwa kuogopa jicho la watu. Sikulaumu kwa hofu hiyo. Ila kuja kliniki si kutangaza. Sisi hatupigi mbiu, na kadi inakaa mkobani. Kinachofichika kwa miezi mitano ya kwanza si mimba peke yake, ni pia kaswende, malaria na upungufu wa damu.

Hatua ya 2: Pima vyote, hata ukijisikia mzima

Hudhurio la kwanza lina vipimo vingi kuliko mengine: presha, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, malaria, VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B. Soma kadi kabla hujaondoka. Nafasi iliyo wazi, uliza: "Sista, hapa mbona hapajaandikwa?"

*VVU.* Bila dawa, kati ya watoto 15 na 45 kwa kila 100 wa akina mama wenye VVU huambukizwa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama kwa kunyonya. Mama akimeza dawa zake kila siku, hushuka chini ya 5. Jibu la "hakuna" la mwezi wa tatu si la miezi tisa yote. Rudia kupima miezi ya mwisho, na tena unaponyonyesha. Mama anayeambukizwa katikati ya mimba au akinyonyesha ana virusi vingi mno mwilini, na mtoto wake yumo hatarini kuliko wa yule aliyejijua siku nyingi na anameza dawa.

*Kaswende.* Hii niiseme kwa kirefu, kwa sababu watu wanaiona ugonjwa wa zamani. Mama anaweza kuwa nayo miaka bila kidonda wala upele. Isipotibiwa, zaidi ya nusu ya mimba huharibika kwa namna moja au nyingine: mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti, au kuzaliwa akiwa tayari anaumwa. Nimewahi kumpokea mama aliyepoteza watoto watatu mfululizo kwenye mwezi wa saba na wa nane, na kwa muda wote huo ukoo ulikuwa unatafuta aliyemroga. Kilichopatikana ni kaswende. Tone moja la damu ya kidoleni linapima kaswende na VVU kwa pamoja.

Dawa yake kwa mjamzito ni sindano ya penisilini ya muda mrefu, uniti milioni 2.4. Maambukizi mapya hutosha sindano moja; yaliyokaa muda mrefu, au yasiyojulikana yalianza lini, hutaka sindano tatu, moja kila wiki. Vidonge vingine vinaweza kumtibu mama huku mtoto akibaki na ugonjwa, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa dukani. Kama penisilini inakudhuru, sema, upelekwe hospitali. Sindano ichomwe angalau wiki 4 kabla ya kujifungua, ndiyo maana nahimiza kuja mapema. Na mwenzio atibiwe. Akiachwa, atakurudishia.

*Mkojo.* UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mjamzito inaweza kukaa bila kuchoma, kisha ikapanda kwenye figo na kuleta homa kali na uchungu kabla ya wakati. Ukiandikiwa dawa za siku 7, meza siku 7. Wengi huacha ya tatu wakiona nafuu.

*Wingi wa damu.* Chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Mama mwenye damu kidogo huambukizwa kirahisi, na siku ya kujifungua damu ambayo mwenzake angeimudu, yeye inaweza kumwondoa. Meza vidonge vya madini ya chuma na foliki kila siku. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Usivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Dawa ya minyoo hutolewa dozi moja, baada ya miezi mitatu ya kwanza.

*Homa ya ini B.* Ukikutwa nayo, mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Katika chanjo za kawaida za mtoto, ya homa ya ini B imekuwa ikianza wiki ya 6, hivyo ulizia mapema ile ya siku ya kwanza inapatikana wapi, nawe upelekwe kwa daktari aone kama unahitaji dawa kabla hujajifungua.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, kiseme bila kuulizwa. Kifua kikuu na mimba hukutana mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Hatua ya 3: Zuia malaria kwa njia mbili kwa pamoja

Malaria ya mjamzito ina ujanja wake: vijidudu hujificha kwenye kondo la nyuma, mama asihisi homa kabisa, huku mtoto akikosa chakula na kuzaliwa na uzito mdogo. Chandarua huzuia mbu. SP, vile vidonge vitatu vinavyomezwa mbele ya nesi, husafisha kilichokwishaingia.

SP huanza miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kisha kila hudhurio, ili mradi umepita angalau mwezi mmoja tangu dozi iliyopita. Ziwe 3 au zaidi. Inaweza kumezwa hata mimba ikiwa kubwa, na inaweza kumezwa bila kula, kwa hiyo "sijala, nitameza nyumbani" si sababu. Vidonge vingi vya "nitameza nyumbani" huishia kwenye droo.

Tahadhari: kama una VVU na unameza septrini (antibayotiki ya kinga) kila siku, usimeze SP. Ni dawa za ukoo mmoja, zikikutana zinadhuru. Vilevile, mwambie nesi kama dawa za salfa zimewahi kukuletea vipele au malengelenge. Na foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP. Inayofaa ni ndogo, miligramu 0.4.

SP ni kinga. Ukipata homa, usijitibu kwa SP wala kwa mabaki ya dawa mseto ya mwenzio. Nenda upimwe, uandikiwe kulingana na umri wa mimba.

Hatua ya 4: Kamilisha chanjo ya pepopunda

Ya kwanza mara ufikapo kliniki, ya pili baada ya wiki 4, na iwe imechomwa angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Zikitimia tano, umejikinga kwa miaka yote ya uzazi. Tunza kadi za mimba zilizopita, usije ukaanzishwa upya bure.

Hatua ya 5: Jikoni, kisimani na mwilini mwako

Chemsha maziwa mpaka yapande, hata yakiwa ya ng'ombe wenu mnayemwamini. Maziwa mabichi hubeba vijidudu vinavyotoa mimba, na ng'ombe mwenyewe haonyeshi. Nyama iive mpaka ndani; anayependa mishikaki ya nusu mbichi aiache kwa sasa. Paka akiwepo nyumbani, kinyesi chake kisafishwe na mtu mwingine.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Zaidi ya kuhara, kuna homa ya ini aina ya E inayoenezwa na maji machafu, ambayo mtu wa kawaida huipona, lakini mjamzito wa miezi ya mwisho anaweza kuuawa nayo kwa kasi. Ililipuka Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2007, na wajawazito walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Udongo. Najua hamu yake, wengine mnaununua sokoni ukiwa umepangwa mafungu kama karanga. Huleta mayai ya minyoo, na tumboni hunyang'anya madini ya chuma uliyomeza asubuhi. Hamu kali ya udongo mara nyingi yenyewe ni dalili ya damu kupungua, kwa hiyo usije kuificha. Ije kwenye maelezo yako kliniki.

Na ukeni usiingize kitu: ugoro, shabu, dawa ya kubana, maji ya ndimu, sabuni ya kunukia. Uke una kinga yake, ukiiosha unafungua mlango. Uchafu wenye harufu, mwasho, au rangi ya kijani utibiwe kituoni.

Hatua ya 6: Kariri dalili za kuondoka saa hiyohiyo

Bandika orodha hii mlangoni. Yeyote akiona moja tu, mnaondoka, usiku au mchana:

- Damu kutoka ukeni wakati wowote wa mimba
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka
- Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba
- Degedege au kupoteza fahamu
- Mtoto kupunguza kucheza au kunyamaza
- Maji kutoka kabla ya uchungu
- Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia. Miezi ya mwanzo yakiwa upande mmoja pamoja na kizunguzungu, huenda mimba imetunga nje ya kizazi
- Kuhema kwa shida, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa

Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 haisubiri hudhurio lijalo, hata usiposikia chochote. Kifafa cha mimba hakijali kama umejisikia vizuri asubuhi. Na kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa siku mbili za kwanza.

Hatua ya 7: Kufikia wiki ya 34, begi liwe limefungwa

Kanga safi tatu hadi tano zilizofuliwa, zikakaushwa juani na kupigwa pasi, mpira wa kujifungulia, glavu, pamba, kibana kitovu, nyembe mpya zilizofungwa, pedi kubwa, sabuni, nguo, kofia na soksi za mtoto. Vingine utavikuta kituoni, lakini ulizia mapema kwenye kituo chako wanataka nini. Weka kila kitu kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Begi lililokaa sakafuni karibu na kuku si safi tena.

Amua kituo, na kituo cha pili. Waliopasuliwa awali, wenye mapacha, presha au damu pungufu wapange hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kama ni mbali, sogea mjini kwa ndugu wiki mbili au tatu kabla.

Hatua ya 8: Chupa ikipasuka, saa imeanza kuhesabu

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Ile chupa ndiyo ukuta kati ya mtoto na vijidudu vya nje. Ikishapasuka, mlango uko wazi, na kila saa inayopita maambukizi yanapanda kuelekea kwenye kizazi. Uchungu kutokuanza si nafuu. Ndiyo sababu ya kuondoka.

1. Tazama saa, uandike. Tutakuuliza.
2. Vaa pedi safi, uangalie rangi. Maji meupe ni ya kawaida. Ya kijani yanaonyesha mtoto amejisaidia tumboni. Yenye damu au harufu mbaya ni dharura.
3. Usiingize kidole, usiruhusu mtu akupime nyumbani, usifanye tendo la ndoa, usikae kwenye beseni la maji.
4. Ukihisi kitu laini kama kamba kimetokeza, ni kitovu cha mtoto. Piga magoti, kifua chini, makalio juu, usikirudishe ndani, wenzio wapige 115. Ukae mkao huo hata garini.
5. Nenda. Mimba ikiwa imekomaa, mara nyingi utaanzishiwa uchungu. Ikiwa chini ya wiki 37, utapewa antibayotiki na pengine sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Usinywe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Haina kipimo, hubana kizazi bila kukiachia, mtoto hukosa hewa, na kizazi kinaweza kupasuka. Ukiwa umeshakunywa, tuambie. Hatutakufukuza. Tutajua namna ya kukulinda tu kama tunajua ulichonywa.

Hatua ya 9: Leba na saa 24 za kwanza

Una haki ya kumwomba mhudumu anawe mikono na avae glavu mpya kabla ya kukupima. Si ukorofi. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenzake kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Aprili mwaka huo wodi yake ilikuwa ikipoteza zaidi ya wazazi 18 kwa kila 100. Juni walikuwa kama 2. Mikono ni ileile hadi leo. Sema kwa upole: "Sista, naomba unawe kwanza." Na asikupime kila mara bila sababu, maana kila kidole kinachoingia kinaongeza hatari.

Baada ya mtoto kutoka utachomwa sindano ya kubana kizazi. Kondo la nyuma likitoka, mhudumu alikague kama limetimia, kwa kuwa kipande kilichobaki ndani huleta damu leo na usaha keshokutwa.

Kaa kituoni saa 24 hata ukijiona una nguvu. Kutokwa damu nyingi kunaweza kumuua mama mzima ndani ya saa mbili. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au kanga ndani ya dakika chache, msindikizaji apaze sauti. Usingoje nesi apite.

Hatua ya 10: Siku 42 nyumbani

Pima joto asubuhi na jioni kwa siku 10 za kwanza. Maziwa yanaposhuka, siku ya tatu au ya nne, matiti hujaa na huuma, na joto linaweza kupanda kidogo. Lakini 38 na zaidi si ya kupachikwa jina la maziwa. Nenda upimwe.

Damu ya uzazi huanza nyekundu, ikawa ya kahawia, ikaisha na ute wa njano hafifu kwa muda wa hadi wiki 6. Harufu yake ni kama ya hedhi. Ikinuka kama kitu kilichooza, hiyo haiitwi "uchafu unatoka". Kizazi kimeambukizwa.

Badilisha pedi kila saa nne hadi sita. Nawa mikono kabla na baada. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Kwenye nyuzi tumia maji safi na sabuni ya kawaida, ukaushe kwa kupapasa. Usipake dawa ya meno, mafuta wala spiriti. Kidonda cha upasuaji kibaki kikavu, na kikivimba, kikitoa majimaji au kikiachia, rudi hospitali siku hiyo.

Kukandwa. Najua ninagusa mambo ya bibi. Supu, uji wa pilipili manga, kupumzika, kusaidiwa kazi: endeleeni navyo kwa moyo wote, mzazi anavihitaji. Kuoga maji ya uvuguvugu hakuna ubaya. Lakini maji ya kuchemka yanayomwagwa tumboni huunguza, na kulikandamiza tumbo kwa nguvu hakutoi "damu chafu". Kunaumiza kizazi, na kwa aliyepasuliwa kunaweza kuachanisha mshono. Kitambaa kilekile kikipita tumboni kisha kikakandwa sehemu za siri zenye nyuzi, kinapeleka vijidudu moja kwa moja kidondani. Mwambie bibi hivi: "Bibi, daktari amesema niogeshwe tu, tumbo lisikandamizwe." Litupie jina la daktari lawama, si la mumeo wala mkwe wako.

Kitovu cha mtoto kiachwe wazi na kikavu. Majivu, mate, kinyesi cha ng'ombe, vumbi la kizingiti: vyote vinaweza kupeleka vijidudu, vikiwemo vya pepopunda. Kikinuka, au ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, au mtoto akiacha kunyonya, akawa wa moto sana au wa baridi, ni dharura sawa na ya mama yake.

Rudi kituoni siku ya 3, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na wiki ya 6.

Ukikwama

*Nimetapika SP.* Mwambie nesi palepale. Ndiyo maana unamezea mbele yake.

*Dawa au kipimo hakipo.* Uliza kituo jirani kinacho, na uandikiwe kwenye kadi kwamba bado. Usiondoke ukidhani umepimwa.

*Mwenzangu hataki kupima.* Njoo upime wewe, usimngoje. Jibu lake halisemi lako, wala lako halisemi lake. Ukiogopa kumwambia majibu, mweleze mshauri wa kliniki. Wapo waliozoea kulisema kwa namna isiyovunja nyumba.

*Nimegundulika na VVU nikiwa leba.* Dawa huanza siku hiyohiyo, mtoto huanzishiwa dawa ya kinga akizaliwa, na hupimwa akiwa na wiki 4 hadi 6. Nyonyesha maziwa yako peke yake miezi 6, nawe uendelee kumeza dawa.

*Ziwa limevimba, jekundu, na nina homa.* Endelea kunyonyesha au kukamua, nenda upate antibayotiki. Ukiacha, maziwa hulala na kuwa jipu.

*Nimenunua dawa dukani, homa imeshuka.* Panado hushusha joto bila kugusa chanzo. Usinunue vidonge vya rangi mbili usivyojua ni vya nini: tetrasaiklini, doksisaiklini na siprofloksasini hazifai kwa mjamzito, na diklofenaki au brufeni zinaweza kumdhuru mtoto mimba ikiwa kubwa.

*Kipimo cha malaria kimesema hapana, wakanirudisha nyumbani.* Homa yako bado ipo, kwa hiyo sababu bado inatafutwa: kizazi, kidonda, ziwa au mkojo. Hata kikisema ndiyo, mzazi wa siku chache lazima aangaliwe kizazi pia.

*Nimefika, naambiwa nipange foleni.* Msindikizaji asimame dirishani, asiseme tu "mgonjwa wetu anaumwa". Aseme hivi, kwa sauti na kwa namba: "Amejifungua siku 5 zilizopita. Ana homa ya 38 na nusu tangu asubuhi. Damu inanuka. Anahema haraka na mkojo umepungua." Mhudumu akisikia maneno hayo manne anajua huenda sumu ya maambukizi imeingia kwenye damu, na antibayotiki za mshipa zinatakiwa ndani ya saa moja. Yaandike kwenye karatasi nyuma ya kadi sasa hivi, ukiacha nafasi ya siku na ya joto.